Siku Mbili za Suzhou

Watu wengine mapenzi yao hukaa bustanini, wengine kando ya maji. Ya kwangu na mume wangu Zhongwei yalikuwa yanakaa kwenye maegesho ya chini ya ghorofa letu, jijini Hefei, ndani ya gari lililozimwa injini. Usicheke, mwenzangu. Ukiwa na mtoto wa miaka minne na mama mkwe kwenye nyumba ya vyumba viwili, utajua kuwa gari nalo ni chumba.

Ijumaa ile alinipitia kazini kama kawaida. Tulipofika chini akazima gari, na kama kawaida yetu hatukushuka. Alitoa simu, akanigeukia na ile sura aliyokuwa nayo zamani, enzi zile akinisubiri nje ya maktaba ya chuo na viazi vitamu vya kuchoma mfukoni ili visipoe.

"Shuyi, funga macho."

"Nikifunga nitasinzia. Sema tu."

"Suzhou. Sikukuu ya Mwezi. Siku mbili, mimi na wewe peke yetu."

Nikakaa wima. "Peke yetu? Bila Nuomi?"

"Nuomi atabaki na bibi yake."

"Bila mkoba wa nepi?"

"Nuomi ameacha nepi zamani, mke wangu."

"Mimi bado naziota."

Akacheka, akanisogelea, tukaangalia simu vichwa vikiwa vimegusana. Chumba chenyewe kilikuwa kwenye nyumba ya zamani, dirisha lake likitazama mfereji, na boti zikipita chini yake. Alikuwa ameshapanga kila kitu. Asubuhi ya kwanza tungetembea kwenye bustani kabla watu hawajajaa. Mchana tungekaa kwenye nyumba ya chai, tusikilize wale wanaoimba hadithi kwa kinanda cha nyuzi. Jioni tungekula kaa, maana msimu wao ndio unaanza. Siku ya pili tungeazima nguo za kizamani tupigwe picha darajani.

"Wewe?" nikamwambia. "Wewe unayekaa mbele ya kamera kama unapigwa picha ya kitambulisho?"

"Kwa ajili yako nitatabasamu. Nitaonyesha na meno."

Tiketi za treni alishanunua, chumba alishalipia. Nilimtazama, nikaona mvi mbili mpya juu ya sikio lake ambazo sikujua zimeota lini. Niseme ukweli, nilikuwa nimeanza kuogopa. Mimi na Zhongwei tulikuwa hatugombani, heri tungegombana. Tulikuwa tunapeana zamu kama walinzi: mtoto ameshakula, mtoto ameshaoga, umelipa umeme, haya lala salama. Kuna siku nilijiuliza hivi tukikaa wawili tu mezani tutaongea nini.

"Nimekukumbuka, Shuyi," akasema polepole.

"Tunalala kitanda kimoja."

"Ndiyo maana inauma."

Nilimshika mkono. Hapo hapo simu yake ikalia. Ni Mama.

"Nyinyi mko wapi? Chakula kinapoa! Gari nimeliona likiingia muda mrefu, nimesimama roshani hapa. Au lifti imewameza?"

Tukashuka mbio kama wanafunzi waliofumwa.

Mama mkwe wangu, Bi Guirong, ni mwanamke mfupi, mwepesi, mwenye ulimi kama kisu cha jikoni. Alitoka kijijini kwao, upande wa Lu'an, kuja kunihudumia nilipojifungua Nuomi. Alikuja na begi dogo la nguo za msimu mmoja tu. Mimi nikarudi kazini, mtoto akahitaji mtu, na Mama hakuondoka tena. Mumewe, Mzee Defu, alibaki kule na bata wake na kijishamba cha chai. Kwetu hilo si ajabu. Karibu kila ghorofa lina bibi aliyemwacha babu kijijini ili aje kulea mjukuu. Jioni utawaona wamejaa uwanjani, kila bibi na mtoto wake mkononi, wakipeana habari za waume walio mbali. Nilizoea kuwaona, na ukishazoea kitu hukioni tena.

Mezani Zhongwei akatoa habari. Vijiti vya kulia vya Mama vikasimama juu ya bakuli.

"Sikukuu ya Mwezi mpevu yenyewe, siku ya watu kukaa na wao?"

"Ndiyo, Mama. Ndipo sote wawili tuna likizo."

"Na huko Suzhou kuna nini?"

"Kuna mifereji, Mama. Kuna maji."

"Kwani hapa bomba limekauka?" Nuomi akacheka, bibi yake akamfuta mdomo. "Mume na mke mnaonana kila siku ya Mungu. Sasa mnakwenda kuonana Suzhou!"

Nilikasirika, sitaficha. Nikasema kimoyomoyo, ndiyo hao, ukitaka kupumua kidogo tu wanakukalia kooni. Nilikuwa nimeshajiandaa kujibu, lakini Mama akaniwahi. Alichukua ile nyama laini ya shavu la samaki, ambayo kila siku humwekea Nuomi, akaiweka kwenye bakuli langu.

"Nendeni," akasema. "Mtoto nitabaki naye."

Kisha akainuka akaenda kusugua sufuria, na wali wake hata nusu hajamaliza. Mimi nilikuwa na furaha kiasi kwamba wala sikujiuliza.

Kesho yake asubuhi tulimpeleka Nuomi kucheza chini. Jua likawa kali, nikapanda juu kuchukua kofia yake. Mlango niliufungua taratibu tu, bila nia mbaya. Jikoni nikasikia sauti ya Baba mkwe. Mama huwa anaegemeza simu kwenye chupa ya siki, anapika huku mumewe akila tambi zake kule kijijini, wanaongea kwa lafudhi yao ya nyumbani. Nilikuwa nimezoea. Lakini siku hiyo kuna kitu kwenye sauti ya Mama kilichonisimamisha kwenye ukumbi, na kofia mkononi.

"Sikukuu hii usinisubiri, Defu."

"Si ulisema wao wakipata likizo na wewe umepata likizo?"

"Mtoto ana mafua."

Wakati huo huo Nuomi alikuwa kwenye bembea, anapiga kelele mpaka huku juu zinasikika.

"Mafua yatakwisha," Mzee akasema. "Sikukuu bado wiki nzima."

"Mafua ya mtoto hayana kalenda."

Nikasikia bata wakilalamika huko kwake. Halafu Mzee akakohoa.

"Nimepiga chokaa chumba chetu."

"Nani kakutuma upande ngazi na goti hilo?"

"Sikutumwa. Na mfarishi nimeupeleka kwa fundi, pamba imepigwa upya, umejaa vizuri. Si ulisema mgongo unakuuma? Nilitaka ukija ulale vizuri."

Nikasikia Mama akifungua bomba, akalifunga.

"Ni tangu Mwaka Mpya, Guirong."

"Najua ni tangu lini. Unadhani mimi sijui?" Kisu kikaanza kugonga ubao kwa kasi. "Ngoja kidogo, vitunguu hivi vikali, vinanitoa machozi."

Nilichungulia. Alikuwa anakata tofu, ile ya soya, laini kama siagi.

Nikarudi kinyumenyume, nikavuta mlango, nikakaa kwenye ngazi za dharura nikiwa nimejiziba mdomo. Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Mimi niliyekuwa ninalia kwamba nalala na mume wangu kitanda kimoja lakini simpati, nilikuwa nimemnyang'anya mwanamke mwenzangu siku zake za kumwona wake. Chekechea ikifungwa na sisi tuko kazini, yeye yuko na Nuomi. Chekechea ikifunguliwa, yeye ndiye anayempeleka, anayempikia na anayemrudisha. Likizo yake ilikuwa likizo yetu, hakuwa na nyingine. Na sisi tulikuwa tumeikatia tiketi ya Suzhou bila hata kumuuliza.

Mchana nikamwambia Mama tunashuka kutafuta chupa ya maji ya Nuomi garini. Tukaingia, Zhongwei akafunga milango, nami nikamwaga yote.

Alikunja uso. "Yeye mwenyewe amesema nendeni. Ulimsikia."

"Umewahi kumsikia mama yako akisema 'nipeni'?"

"Shuyi, nimeomba ruhusa ya siku hizi kama mtu anayeomba figo. Kila wikendi ofisi inaniita. Kwa nini kila kitu tukiahirishe sisi?"

"Na yeye je? Yeye anaahirisha tangu Nuomi azaliwe."

"Na sisi je?" Alipaza sauti, kisha akaishusha, maana hata kwenye maegesho majirani wana masikio. "Na sisi, mke wangu? Mimi naogopa. Siku hizi unanisimulia habari za mtoto, halafu unanyamaza, na mimi sijui nikuulize nini. Naogopa tukizikosa siku hizi mbili tutazoea. Tutakuwa watu wawili wanaolea mtoto kwenye nyumba moja, basi."

Kumbe na yeye! Nililia pale pale, kwa huruma na kwa raha ya kujua kwamba hofu yangu haikuwa yangu peke yangu.

"Zhongwei," nikamwambia, "baba yako amepiga chokaa chumba."

"Baba? Mwenyewe?"

"Na mfarishi kaupeleka ukapigwe upya. Kwa sababu Mama alisema mgongo unamuuma."

Akalaza paji la uso kwenye usukani, na mabega yake yakaanza kutikisika. Nilimwekea mkono mgongoni, nikauacha hapo.

"Kila Jumapili nampigia," akasema baadaye, bila kuinua kichwa. "Namuuliza, Baba umekula? Ananijibu nimekula. Sijawahi kumuuliza amekula na nani."

Tukakaa hivyo mpaka alipopangusa uso kwa mkono wa shati. "Sawa. Nafuta safari. Mama aende kijijini."

"Usifute. Waende wao."

"Wao wapi?"

"Suzhou. Mama na Baba. Hivi walishawahi kwenda mahali popote wawili?"

Alifikiri. "Siku ya harusi yao walitembea mpaka mji wa jirani, wakala supu, wakarudi kabla ya jua kuzama kwa sababu ya ng'ombe."

"Basi umeona."

"Baba hawezi kuwaacha bata."

Nikamtazama.

"Hapana," akasema.

"Ndiyo."

"Shuyi, mimi natengeneza programu za benki!"

"Bata hawaulizi cheti. Tutakaa kijijini mimi, wewe na Nuomi. Chumba kina chokaa mpya."

Akaanza kucheka na machozi bado yako kwenye kope. Lakini tiketi ya treni ina jina na namba ya kitambulisho cha mtu. Huwezi kumpa mwingine kama mwavuli. Ilibidi azirudishe kwanza, ndipo anunue nyingine, na sikukuu kama ile kiti kikiachwa huchukuliwa kabla hujapepesa. Akaanza kubofya simu. Mimi nilikuwa nimemkaba mkono nikisema "haya, haya, haya" kama ninayemhimiza punda. Viti vya kurudi tulivipata vizuri. Vya kwenda tukapata viwili, mabehewa tofauti. Tukashukuru hivyo hivyo, na katikati ya shukrani hizo Zhongwei akanibusu, si busu la kuagana asubuhi, lile jingine. Tulirudi juu na chupa ya maji tumeisahau.

Mama alitusikiliza akiwa amesimama, amevaa aproni, mwiko mkononi.

"Mmechanganyikiwa," akasema.

"Mama..."

"Wazee kama sisi tukatembee kimapenzi? Tukashikane viuno darajani? Majirani watasema Guirong amerukwa na akili!"

"Majirani hawatakuwepo Suzhou, Mama," nikasema.

"Na nani atampikia Nuomi?"

"Mimi."

"Wewe? Mtoto nitamkuta mifupa!" Akamgeukia mwanawe. "Baba yako hatakubali. Mimi namjua. Mpigie uone. Mpigie!"

Zhongwei akapiga, akaweka sauti ya juu. Akaeleza yote kwa kigugumizi, kuhusu mfereji, kaa, chumba chenye dirisha, na kwamba sisi tungekuja kuangalia bata. Upande wa pili tukasikia bata tu. Mama akainua nyusi, kama anayesema niliwaambia.

"Treni ni saa ngapi?" Mzee akauliza.

Mwiko ukashuka. Mama akavuta kiti akakaa, akajifunika uso kwa aproni, na kutoka ndani ya aproni ile ikatoka sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

"Sasa nitavaa nini mimi?"

Jamani, nilimkumbatia. Alikuwa mdogo kuliko nilivyofikiri. Nilimpa koti langu la rangi ya zambarau, lile nililolinunua kwa ajili ya safari yenyewe, na likamkaa utadhani alishonewa. Alijitazama kwenye kioo cha kabati, akageuka ubavu, akakemea kioo: "Kibibi kizima!" Lakini hakulivua mpaka chakula cha jioni.

Siku ya safari Baba alikuja Hefei kwa basi la alfajiri, na tukakutana naye mbele ya stesheni. Alikuwa amebeba bata aliyekaushwa kwa chumvi na kufungwa vizuri, mfuko wa mayai, na kamfuko ka chai. Kwanza sikumtambua. Nywele zake zilikuwa nyeusi tii.

Mama alisimama akamkodolea macho. Nilidhani wataangukiana, lakini hapana. Walisimama hatua chache, kila mmoja anaangalia viatu vya mwenzake. Baba akahamishia mfuko wa mayai mkono wa pili. Mama akashika kola ya koti.

"Umepaka piko," Mama akasema.

"Kidogo."

"Umepaka mpaka sikio." Akatoa leso, akailowesha kwa ulimi, akamshika Mzee kidevu na kuanza kumsugua sikio mbele ya umati wote. "Simama vizuri. Umri wote huo hujui kupaka piko?"

Baba alisimama vizuri. Alikuwa anamtazama mkewe usoni kwa karibu, bila kupepesa, kama mtu aliyeletewa maji baada ya safari ndefu. "Koti zuri," akasema.

"La mkwe wako."

"Zuri kwako."

Mama akasugua lile sikio muda mrefu kuliko piko lilivyohitaji. Mimi na Zhongwei tukajifanya tunamfunga Nuomi kamba za viatu, viatu vyenyewe havina kamba.

Kisha ukaja wakati wa Baba kutupa maagizo. Jogoo-bata mwenye shingo ya kijani asipewe mgongo, anang'ata. Banda lifungwe kabla ya giza. Mlango wa chumba unabana kwa chini, uinuliwe kwanza. Zhongwei alikuwa anaitikia kila neno kama yuko kwenye kikao cha bosi.

Kwenye lango la kuingilia stesheni ndipo wasiosafiri huishia. Baba akaweka kitambulisho, kizuizi kikafunguka, akapita. Mama akafuata, akasita, akanigeukia. "Uji wa Nuomi usiwe mzito. Na usimpe keki nzima ya Sikukuu ya Mwezi, tumbo litajaa. Jumapili nikirudi..."

"Mama," nikamkatiza. "Asante."

Kwetu mtu hamwambii wa nyumbani kwake asante. Asante ni ya muuza duka, ni ya dereva. Nilikuwa nimekula chakula cha mkono wa mwanamke huyu miaka yote, amenifulia, ameniuguza, amemfundisha mwanangu kutembea, na neno hilo halikuwahi kutoka mdomoni mwangu. Nilimwona amebadilika uso.

"Asante ya nini? Mimi mgeni kwako?"

"Hapana, Mama."

"Au unanifukuza?"

"Sikufukuzi! Tulikuazima, Mama. Tulikuazima kwa Baba na hatukumuuliza hata siku moja. Leo nakurudisha kwa mwenyewe. Na kila mwezi, Zhongwei ameshakubali, tutakuwa tunakurudisha siku mbili tatu. Siku hizo Nuomi ni wetu."

Nyuma yetu foleni ilianza kunung'unika. Machozi yalimlenga Mama, na safari hii hakutafuta kitunguu cha kukisingizia. Baba alikuwa amesikia. Alirudi mpaka kwenye kizuizi, akakishika kwa mikono yake mikavu.

"Nani kasema sikuulizwa?" akasema. "Yeye aliniuliza, usiku ule mtoto alipozaliwa. Akaniambia, Defu, watoto wana shida, niende nisiende? Mimi ndiye niliyemwambia nenda."

"Baba..." Zhongwei akaanza.

"Nilisema nenda kwa mdomo wangu, na sijajuta." Akamtazama mkewe. "Lakini nimemkumbuka."

Alisema hivyo mbele ya watu, mzee yule ambaye kwenye harusi yetu aliweza kutamka maneno sita tu. Mama akaweka kitambulisho, akapita. Upande wa pili Baba akamshika mkono, si kwa ncha za vidole, mkono wote.

"Defu! Watu wanaona!"

"Waone."

Nilitafuta mkono wa Zhongwei, nikaukuta ulikuwa njiani kuja kwangu. Tulisimama pale na Nuomi katikati yetu, tukawaangalia wakisogea kwenye foleni ya ukaguzi, koti la zambarau na kichwa cheusi tii. Hata walipofika kwenye mashine, Mzee aliweka bata, mayai na chai kwa mkono mmoja, kimoja baada ya kingine, watu wakisubiri nyuma yake, maana mkono ule mwingine hakutaka kuuachia.